Florent Ibenge: kutoka Léopards hadi timu isiyo na kwao

Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2015, mjini Bata huko Guinea ya Ikweta, Léopards wa RDC walikuwa wamefungwa mawili kwa sifuri na ndugu zao wa Congo-Brazzaville. Ilibaki chini ya nusu saa. Mbokani akafunga, kisha Bokila, kisha Kimwaki, na Mbokani tena. Nne kwa mbili! Kocha aliyekuwa pembeni ya uwanja siku hiyo ni Florent Ibenge.

Ibenge, mzaliwa wa 1961, hakuwa mchezaji wa jina kubwa. Alicheza Ufaransa katika timu za madaraja ya chini, na ni huko huko kaskazini mwa Ufaransa, katika timu ndogo ya Douai, ndiko alikojifunza ukocha. Mwaka 2012 alipita Shanghai, nchini China. Mwaka 2014 aliifikisha AS Vita Club ya Kinshasa kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na mwaka huo huo akapewa Léopards bila kuiacha Vita. Kazi mbili kwa mtu mmoja: wengi walilalamika, na hawakukosa sababu.

Lakini kazi ya pili ilifaidika na ya kwanza, maana wachezaji wa nyumbani aliwajua mmoja mmoja. Baada ya nafasi ya tatu ya CAN 2015 ikaja CHAN 2016 nchini Rwanda, mashindano ya wanaocheza katika ligi za nchi zao. Robo fainali waliwatoa wenyeji Rwanda katika muda wa nyongeza. Tarehe 7 mwezi wa pili, Kigali, saa chache tu za barabara kutoka Goma, waliifunga Mali tatu kwa bila: Meschack Elia mawili, Bolingi moja. RDC ikawa nchi ya kwanza kubeba kombe hilo mara mbili.

Kidonda kilibaki cha Kombe la Dunia. Mwezi wa tisa 2017, Kinshasa, Léopards waliongoza mbili kwa sifuri mbele ya Tunisia, mechi ikaisha mbili kwa mbili. Tunisia ikaenda Urusi kwa pointi moja tu zaidi. Mwaka 2019, baada ya kutolewa na Madagascar kwa penalti huko Misri, Ibenge akaachia timu ya taifa.

Mwaka 2022 alishinda Kombe la Shirikisho na Berkane ya Morocco, kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman. Vita vya Sudan vikaanza mwezi wa nne 2023, na timu ikapoteza uwanja wake, mji wake, na mashabiki wake wakatawanyika. Ibenge hakuondoka. Mechi za nyumbani zikachezwa Tanzania, halafu Mauritania, ambako Al Hilal iliingizwa kucheza ligi ya wenyeji na ikamaliza mbele ya wote.

Mwaka 2025 alihamia Azam, Dar es Salaam.