Laptopu kuchukua nafasi ya kompyuta ya mezani: tulifikaje hapa?

 

Kila bumu likikaribia kutoka, swali hili linarudi huku mabwenini: ninunue kompyuta ya mezani, au nitafute laptopu kubwa yenye nguvu, ile ya kuchezea gemu, niiweke mezani ifanye kazi zote? Wengi wanajibu laptopu, na sababu wanazo. Chumba cha watu wanne hakina nafasi ya monita na kasha lake. Likizo ikifika lazima ubebe kila kitu uende nacho nyumbani. Umeme ukikatika, mwenye laptopu anaendelea kuchapa wakati mwenzie wa mezani anatukana. Kaka na dada zetu waliosoma Tanzania mwaka 2006, enzi za ule mgao mkali, hilo hawahitaji kuelezwa.

Ila swali lenyewe ni la zamani kuliko sisi. Watu wanalijibu kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na mara kadhaa wamelijibu vibaya. Makosa yao yanaweza kutuokolea hela, ndiyo maana leo naleta historia kidogo.

Tuanzie Marekani, Aprili 1981. Adam Osborne alizindua mashine aliyoiita Osborne 1. Ilikuwa kama sanduku la safari lenye mpini, kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, bei dola 1,795 pamoja na programu za kuandikia na kupigia mahesabu. Betri haikuwa nayo. Yaani unaibeba, mkono unauma, ukifika unaanza kutafuta soketi. Mwaka 1983 ikaingia sokoni Compaq Portable kutoka Houston, kilo 13 hivi, yenye uwezo wa kuendesha programu zilezile za IBM PC. Waanzilishi wake watatu walikuwa wametoka Texas Instruments, na mwaka wa kwanza waliuza mashine kama 53,000. Hizi ziliitwa kompyuta za kubebeka, lakini tuseme ukweli, zilikuwa kompyuta za mezani zilizofungwa mpini.

Iliyofanana na laptopu za leo ni GRiD Compass ya mwaka 1982, kioo chake kinafunika kibodi. NASA waliipeleka hadi angani kwenye zile shato zao. Bei ilikuwa dola 8,150, kwa hiyo kwa mwanafunzi wa nchi yoyote ile hiyo ni hadithi tu.

Sasa njooni Oktoba 1992, maana hapa ndipo lilipotokea wazo ambalo mimi naliona la maana kuliko yote. Apple walitoa PowerBook Duo, laptopu ya kilo 2 tu au pungufu kidogo. Kuifanya nyepesi hivyo waliondoa vitu vingi, hata sehemu ya disketi haikuwemo. Ukirudi nyumbani ulikuwa na boksi linaitwa Duo Dock. Unafunga laptopu, unaisukuma, na boksi linaivuta lenyewe ndani kama deki inavyomeza kanda ya video. Humo kwenye boksi mlikuwa na sehemu ya disketi, nafasi za kuongezea kadi, na juu yake unakalisha monita kubwa. Asubuhi unabonyeza, laptopu inatoka, unaondoka na kazi zako zote. Ilikuwa ghali, na mwaka 1997 Duo zikaachwa kutengenezwa. Lakini angalieni fikra yake: laptopu haikujaribu kuwa meza. Meza ilibaki nyumbani ikiisubiri.

Miaka kumi baadaye watengenezaji wengi walichukua njia tofauti kabisa. Walitaka kuibeba meza yenyewe. Januari 2003 Apple haohao wakatoa PowerBook ya inchi 17, na upande wa Windows zikafuata laptopu za ukubwa huo. Baadhi yake zilitumia prosesa za Pentium 4 zilezile zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Dell Inspiron XPS ya mwaka 2004 ilikuwa na Pentium 4 ya gigahezi 3.4 na uzito wa zaidi ya kilo 4. Mwaka 2006 Dell wakaja na XPS M2010, kioo inchi 20, kilo 8 na ushee, ina mpini kama briefkesi. Bana, ni Osborne 1 imefufuka!

Kilichozimaliza hizi mashine ni joto. Mwaka 2004 kulikuwa na Pentium 4 za laptopu zilizopangiwa kutoa joto la wati 88. Shikeni bulbu ya zamani ya wati 60 ikiwa inawaka, kisha mfikirie zaidi ya hapo ndani ya kasha lenye unene wa vidole vitatu. Kompyuta ya mezani ina hewa na feni kubwa. Laptopu ina feni ndogo zinazolia kama mashine ya kusaga, na zikishindwa, prosesa inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo ulilipia gigahezi 3.4, na kazi ikiwa nzito kwa muda mrefu hukuzipata zote. Betri nayo ilikuwa ya kukufikisha kwenye soketi nyingine tu.

Dawa ilikuwa tayari ipo. Machi 2003 Intel walitoa Pentium M, iliyobuniwa na timu yao ya Haifa, Israeli. Wao walianza na swali la kiasi gani cha umeme kinatosha, ndipo wakaangalia mwendo. Pentium M ya gigahezi 1.6 ilitoa joto la wati 24 na nusu, na kwenye kazi nyingi ilikwenda bega kwa bega na Pentium 4 zenye gigahezi 2 na zaidi. Mei 2004 Intel walifuta mradi wa Tejas uliotakiwa kuirithi Pentium 4, na prosesa za Core 2 zilizotoka mwaka 2006, hata zile za mezani, zilifuata ukoo wa Pentium M. Ajabu, eh? Mdogo wa laptopu akamfundisha kazi kaka mkubwa wa mezani. Kufikia robo ya tatu ya mwaka 2008, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya iSuppli, laptopu zilizosafirishwa duniani zilizipita za mezani kwa mara ya kwanza, milioni 38.6 kwa milioni 38.5.

Na ile fikra ya Duo? Ilirudi kimyakimya. Tundu la USB-C, lililotangazwa mwaka 2014, likaruhusu waya mmoja kupeleka picha kwenye monita, kubeba data na kuchaji. Boksi la kumeza laptopu limekuwa waya.

Kwa hiyo kwa wanaojiandaa kununua, mimi nasemaje? Usinunue meza ya kubeba. Laptopu ya wastani, ukiongeza monita ya mtumba, kibodi na kipanya, itakutumikia vizuri kuliko lile dude la kilo 4. Monita ina faida nyingine pia: kioo cha laptopu kimeshikana na kibodi, hivyo ukiweka mikono sawa shingo inainama, ukiinua kioo mikono inaning'inia. Miaka mitatu ya kuandika ripoti hivyo, mgongo utakudai. Usiiweke juu ya godoro, utaziba matundu ya hewa. Na kama itakaa kwenye chaja siku nzima, ingia kwenye mipangilio, na kama inaruhusu, iambie iishie asilimia 80, maana betri kukaa imejaa huku ina joto ndiko kunakoizeesha haraka.

Lakini msinielewe vibaya, kuna kitu tumepoteza. Kompyuta ya mezani ikifa pawasapulai, unabadilisha pawasapulai. Laptopu nyingi za sasa zina memori iliyochomelewa kwenye bodi, na kwenye Mac za M1 za mwaka 2020 memori inakaa pamoja na prosesa kabisa. Kikifa kimoja, fundi anakuangalia tu kwa huruma. Kwa mtu ambaye bumu lake ndilo kila kitu, hiyo si habari ndogo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: memori na diski vinafunguka? Kama hajui, geuzeni laptopu mtafute skrubu.

Mwenye monita anayehitimu mwaka huu asiitupe, kuna wateja hapa. Haya wadau, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.