Gudina Tumsa
Gudina Tumsa (1929 – 28 Julai 1979) alikuwa mchungaji na mwanateolojia wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, ambalo ni kanisa la Kilutheri nchini Ethiopia.

Alizaliwa Boji, Wollega, akiwa Mworomo. Alihudumu kama mchungaji huko Nekemte, kisha akasoma teolojia katika Luther Seminary, Minnesota, Marekani (1963–1966).

Kuanzia mwaka 1966 alikuwa katibu mkuu wa kanisa lake. Mwaka 1972 kanisa hilo liliwaandikia wafadhili wa ng'ambo kwamba kuhubiri Injili na kuleta maendeleo ni kazi moja, kwa kuwa mahitaji ya mwili na ya roho hayatenganiki.

Baada ya mapinduzi ya 1974 alitetea uhuru wa Kanisa mbele ya serikali ya kijeshi ya Derg, akakamatwa mara kadhaa. Mwaka 1979 rais Julius Nyerere wa Tanzania alisaidia kumwandalia nafasi ya kukimbia nchi, lakini alikataa kuwaacha waumini wake. Tarehe 28 Julai alitekwa jijini Addis Ababa baada ya ibada, akauawa. Mke wake, Tsehay Tolessa, alifungwa miaka 10. Maiti yake Gudina ilipatikana baada ya Derg kuanguka, ikazikwa mwaka 1992.