SHINGO YA BIBI NA CHUMVI YA SOKONI

(Maoni haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayenifuata katika ukurasa huu, leo naanza kwa kulipa deni. Mwaka juzi baadhi yenu mlipiga simu studio kuuliza kama mtangazaji wenu ana mafua yasiyokwisha, maana sauti ilikuwa imekuwa nzito na ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekesha ngomani. Mmoja wenu alinishauri nitafune tangawizi. Nilitafuna, nikashukuru, lakini sauti haikurudi. Wakati ule sikuwa na jibu la kuwapa. Leo ninalo, na jibu lenyewe limenirudisha nyuma katika historia kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya sauti ulitangulia uchovu. Sisemi uchovu wa kazi, ambao ukilala unakwisha. Huu ni ule wa kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Desemba ya Dar es Salaam, watu wanajipepea kwa magazeti, mimi nimevaa sweta. Chakula nilikuwa nakula kidogo, lakini nguo zilinibana. Mtaani wakanipongeza, "Dada, pesa imekukubali!" Kazini wakasema nimekuwa mvivu, na sikuwa na la kujitetea, kwani siku moja nilisinzia mbele ya kipaza sauti taarifa ya habari ikinisubiri. Katika zahanati moja nilitibiwa malaria mara tatu bila kutolewa hata tone la damu.

Hatimaye nilimpata daktari mmoja mtu mzima ambaye, kabla sijamaliza maelezo, alikuwa ananitazama shingoni. Akaagiza kipimo cha damu. Majibu yalipokuja aliniambia kuwa tezi iliyo mbele ya koo, ile ambayo waganga wanaiita thairoidi, imelegea na haitoi homoni za kutosha. Homoni hizo ndizo zinazouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Zikipungua, kila kitu kinakwenda polepole: moyo, tumbo, mawazo, hata nyuzi za sauti.

"Kwenu ni wapi, dada?" akaniuliza.

Nikamjibu kwetu ni Makete. Akatikisa kichwa polepole. Hapo hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa na rovu, au goita kama wengi wanavyosema siku hizi. Ulikuwa uvimbe mkubwa kama embe, uliokaa mbele ya shingo, naye aliufunika kwa kitenge alipokwenda kanisani. Sisi wajukuu tuliuona ni kitu cha kawaida, kwa sababu hata jirani alikuwa nao, na mama mwuza viazi, na mwalimu wa darasa la kwanza. Nilipomuuliza bibi aliupata wapi, alinijibu, "Mjukuu wangu, hii ndiyo shingo ya kwetu." Wengine walisema ni maji ya mto, wengine wakasema ni kubeba mizigo kichwani, na wapo walionong'ona kuwa ni kurogwa. Watu wa kutoka bondeni walipanda mlimani kwa biashara wakarudi wakitusema kwamba watu wa huko ni wazito wa kuelewa. Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, na yaliniuma.

Sababu ya kweli ilikuwa imejulikana Ulaya muda mrefu kabla bibi hajazaliwa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitengeneza malighafi ya baruti kwa ajili ya vita vya Napoleon, akitumia majivu ya mwani. Siku moja alizidisha tindikali, ukafuka moshi wa zambarau. Moshi ule ulikuwa madini mapya, ambayo sisi Tanzania tumeyapa jina la madini joto. Miaka 9 baadaye, mwaka 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva aliwapa wagonjwa wake wa rovu dawa yenye madini hayo, na shingo zikaanza kunywea. Lakini dozi zilikuwa kubwa, wengine wakadhurika, na dawa ikapata sifa mbaya. Tulishike hilo, maana tutalirudia.

Uswisi wakati huo ilikuwa nchi ya marovu. Wale tunaowajua leo kwa saa na benki walikuwa na vijiji vya milimani ambako shingo zilivimba kama za kwetu, na watoto wengine walizaliwa viziwi, wafupi na wenye akili iliyodumaa. Huko Bern daktari mpasuaji Theodor Kocher alikuwa bingwa wa kuikata tezi hiyo. Mwaka 1883 alieleza jambo lililomsikitisha: wagonjwa aliowaondolea tezi yote walirudi wakiwa wamevimba uso, wanasikia baridi, wamechoka na wazito wa fikra. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa kazi ya tezi. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mama huyo alikuwa amevimba, hana nguvu na anaongea kwa shida. Baada ya miezi michache alikuwa mtu mwingine. Aliishi miaka 28 zaidi, akitumia dawa hiyo, hadi mwaka 1919. Kila asubuhi ninapomeza kidonge changu huwa namfikiria mama yule, na kondoo.

Basi kilichokuwa kinakosekana milimani ni kitu gani? Madini joto yamejaa baharini, lakini kwenye nchi za milima mvua ya karne nyingi imeyaosha ardhini. Mahindi, viazi na mboga za udongo huo hazina ya kutosha. Tezi inayaokota madini hayo katika damu ili itengeneze homoni, na ikiyakosa hujitanua, kama mvuvi anayeongeza nyavu kwa kuwa samaki wamepungua. Uvimbe wa bibi ulikuwa ni tezi iliyofanya kazi kupita kiasi kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Na kiasi chenyewe ni kidogo mno! Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Mahitaji ya mtu mzima kwa umri wote hayazidi kijiko kimoja cha chai. Kwa kukosa kijiko hicho, vijiji vizima viliitwa wavivu na wajinga.

Uswisi ilianza kuchanganya madini hayo kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924. Sisi tulisubiri zaidi. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na uchunguzi wa miaka ya themanini ulionyesha kuwa karibu robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na rovu. Katika wilaya zilizoathirika zaidi, watu walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Nakumbuka siku wauguzi walipokuja shuleni kwetu, tukapanga mstari, kila mmoja akapewa kidonge laini chenye kung'aa. Hatukuambiwa mengi. Wengine tulidhani ni peremende. Baadaye, katikati ya miaka ya tisini, sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini joto, na UNICEF ikasaidia mitambo. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 hivi ya watoto wa shule, na zaidi ya kaya 8 katika kila 10 zilikuwa na chumvi yenye madini hayo. Mpenzi msikilizaji, tumezoea kusimuliana mipango iliyokufa. Huu ulifanikiwa, na ni haki tuusimulie.

Lakini tusilale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Zanzibar uliwashangaza wengi. Kule Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, karibu theluthi ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu, na kaya zenye chumvi ya madini joto zilikuwa kama 1 katika 100. Sababu ni kwamba maji ya bahari yakianikwa yakawa chumvi, madini joto mengi hayabaki. Na kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kimetufundisha somo jingine. Wataalamu waliochunguza huko tangu miaka ya sitini waliona kaskazini rovu limezagaa na kusini-magharibi ni haba, ingawa madini joto yalikuwa machache kotekote. Kidole kikaelekezwa kwenye muhogo, ambao usipolowekwa na kuanikwa vizuri una sumu inayoizuia tezi kuyapata hata yale madini machache yaliyopo. Bibi zetu walioloweka muhogo siku kadhaa hawakuwa wanapoteza muda.

Sasa nirudi kwangu, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya kosa. Nilidhani ugonjwa wangu ni ule ule wa bibi, na kwamba nikila chumvi nzuri na samaki nitapona. Daktari akanisahihisha. Kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha, mara nyingi tezi hulegea kwa sababu kinga ya mwili wenyewe inaishambulia, ugonjwa ambao Mjapani Hakaru Hashimoto alikuwa wa kwanza kuueleza, mwaka 1912. Hiyo haiponi kwa chakula. Inahitaji homoni ya kidonge, na kwa wengi wetu ni ya maisha.

Sikutaka kusikia neno maisha. Dada mmoja anayeuza vifaa vya kupunguza mwili akanishawishi niache vidonge, ninywe maji lita 5 kwa siku yenye limau na tangawizi, pamoja na unga wa mwani. Nilifanya hivyo kwa wiki 6. Maji yalinipeleka chooni usiku kucha, baridi ikarudi, sauti ikakwama tena, na kilo hazikupungua hata moja. Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mwani mwingi unaweza kuilemea tezi mbovu zaidi, kosa lile lile la dozi kubwa la siku za Coindet.

Je, chakula na maji havina kazi? Vina kazi kubwa, kila kimoja mahali pake. Tezi iliyolegea hufanya tumbo ligome, na hapo maji ya kutosha, maharage, matunda na mboga za majani husaidia kweli. Sehemu kubwa ya uzito unaoletwa na tezi yenyewe, ambao kwa kawaida ni kama kilo 2 hadi 5, ni maji na chumvi vilivyotuama mwilini. Hupungua homoni ikirudi sawa. Zaidi ya hapo ni habari ya sahani na ya kutembea, na mimi nimepunguza chapati na soda, ninashuka kituo kimoja kabla ya kazini. Kidonge nameza alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha nasubiri saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kahawa, maziwa na hata uji wetu mzuri wa soya hukizuia kidonge kisiingie damuni. Vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa vinakaa mbali nacho kwa saa 4. Kabichi sijaiacha. Ikipikwa na ukawa na madini joto ya kutosha, haina ugomvi na mtu.

Nayo chumvi ya jikoni? Hilo sasa linatuhusu sote, wenye tezi nzima na wenye mbovu. Majuzi nilisimama kwenye genge moja sokoni. Chumvi ya mawe ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, juani, inauzwa kwa kopo, haina pakiti wala jina. Nilimuuliza muuzaji kama ina madini joto. Akacheka, "Mama, chumvi ni chumvi." Siyo kweli. Ile ambayo haikutiwa haina, na hata iliyotiwa hupoteza nguvu ikiachwa wazi kwenye jua na unyevu. Nunua iliyofungwa na kuandikwa, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na itie chakula kinapokaribia kuiva. Wala usizidishe chumvi ukidhani unazidisha dawa, maana shinikizo la damu nalo linangoja mlangoni.

Ombi langu kwa wakaguzi wa chakula ni dogo. Kipimo cha chumvi ni chupa ndogo ya maji: ukidondosha tone moja, chumvi yenye madini joto inageuka rangi ya samawati. Haihitaji maabara wala semina. Tungependa kuwaona na chupa hizo magengeni, na wazalishaji wadogo wa pwani wasaidiwe kuchanganya madini hayo kabla ya kuadhibiwa.

Na wewe unayesikia baridi kwenye joto, unayenenepa bila kula, unayeitwa mvivu nyumbani na kazini, nenda ukapimwe damu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi yangu alificha shingo yake chini ya kitenge kwa miaka 40, akiamini ndiyo shingo ya kwetu. Alifariki bila mtu yeyote kumweleza kwamba hakuwa na kosa lolote. Mabinti zangu wawili wana shingo laini kama mihogo michanga, na chumvi iliyopo jikoni kwangu ina mfuniko.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda, na kama mlivyosikia, sauti imerudi.