Kukandwa au Mazoezi ya Viungo? Kazi Mbili Zilizotoka Nyumba Moja



Mzee wetu alipopatwa na kiharusi, nyumba iligawanyika. Wakubwa walitaka mkandaji, vijana wakataka hospitali. Wakubwa wakashinda. Wiki tatu tulimchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alipata raha, akalala vizuri, lakini mkono haukuinuka. Tulipompeleka hospitali, dada wa mazoezi ya viungo hakumkanda sana. Alimwekea kikombe kitupu mbele yake akamwambia, "Baba, kishike." Wengine wetu tulichukia, tukaona mgonjwa anateswa.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta asili ya kazi hizi mbili. Kumbe zamani ilikuwa kazi moja.

Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki 1037, aliandika habari za riyadha na za kuchua mwili pamoja katika kitabu chake mashuhuri, Al-Qanun fi at-Tibb. Alieleza kuwa kuchua kwa nguvu hukaza mwili na kuchua taratibu huulegeza. Mtu achuliwe kabla ya mazoezi ili mwili uwe tayari, na achuliwe tena baadaye ili uchovu utoke. Yaani kwake kuchua kulikuwa mlango wa kuingilia mazoezi na wa kutokea, si badala yake.

Huko Sweden, Per Henrik Ling alifungua chuo mjini Stockholm mwaka 1813, na humo pia mazoezi na kukanda vilikwenda pamoja.

Mambo yaliharibika London. Mwaka 1894 jarida la madaktari la Uingereza lilitoa onyo kwamba baadhi ya nyumba zilizojiita za kukanda zilikuwa madanguro. Wakandaji waaminifu, wengi wao wauguzi, wakaona jina lao linachafuka. Mwaka huo huo wanawake wanne wakaanzisha chama chenye masharti makali: hakuna kumkanda mtu bila maelekezo ya daktari, hakuna kujitangaza ovyo kwa umma, na wanaume wasikandwe ila kwa dharura daktari akiomba. (Masharti hayo hata bibi zetu wangeyakubali!) Wanachama walifanya mitihani na kupewa vyeti.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta majeruhi wengi mno, ambao kuchuliwa peke yake kusingewarudisha kwenye kutembea. Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme kikiwa bado na neno kukanda katika jina lake. Mwaka 1944 neno hilo likaondolewa, kikawa chama cha fiziotherapia. Nyumba ikawa mbili.

Kwa hiyo yule dada alikuwa na sababu. Katika kiharusi kilichoumia ni ubongo, na ubongo hujifunza upya kwa mgonjwa mwenyewe kujaribu, mara nyingi, kila siku. Mkono wa mwingine hauwezi kumjaribia.

Hatusemi mkandaji aachwe. Kiuno kilichokaza kwa kazi, shingo iliyochoka, hapo mkono mzuri huleta nafuu, hata kama ni ya muda. Lakini uso ukipinda ghafla, ulimi ukawa mzito au mkono ukaishiwa nguvu, ni hospitali saa ile ile, kwani ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inayotolewa ndani ya saa chache tu za mwanzo. Sisi tulizipoteza. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu lake, usichuliwe kabla daktari hajauona: huenda damu imeganda ndani, na kipande kikichomoka huenda mapafuni.

Siku hizi kila asubuhi dada yetu humchua mzee bega taratibu, kama alivyoonyeshwa hospitali, kisha humletea kikombe. Chai hujishikia mwenyewe, na siku nyingine nusu yake huishia kwenye kanzu.