Mwalimu Mkuu Akienda Kayanga

Uongozi wa mwalimu mkuu hupimwa siku ambayo hayupo shuleni. Huku kwetu Chonyonyo, aliyeitwa wilayani Kayanga aghalabu alirudi jioni. Zipo shule ambazo siku hiyo vipindi viliendelea kama kawaida. Na zipo ambazo kufikia saa nne walimu walikuwa wamekwisha kwenda kupalilia migomba yao.

Chuoni tulifundishwa mitindo mitatu ya uongozi: wa kiimla, wa kushirikisha, na wa kuacha kila mtu afanye apendavyo. Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya mitindo hiyo huko Marekani mwaka 1939, baada ya kuchunguza vikundi vya wavulana. Chini ya kiongozi wa kiimla kazi ilifanyika, lakini alipotoka ilizorota. Kwa yule mshirikishi iliendelea. Nilipoanza kufundisha niliyaona hayo kwa watu wazima.

Azimio la Musoma la 1974 liliagiza watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo Novemba 1977. Madarasa yakafurika. Nchi ikachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Tuliwaita walimu wa UPE. Baadhi ya walimu wakuu waliwafanya vibarua, wasiosikilizwa kikaoni. Wengine walimweka kila kijana karibu na mwalimu mzoefu, wakaandaa maazimio ya kazi pamoja. Mshahara wao ulikuwa mmoja, lakini wa kundi la pili ndio niliowaona wakibaki na kujiita walimu bila aibu.

Ukaja ukata wa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari na sabuni zilipatikana kwa mgao. Mwalimu mkuu mmoja niliyefanya kazi chini yake, ambaye sitamtaja, aliupitisha mgao nyumbani kwake kwanza. Hakuna aliyemsema usoni, ila katika mwaka mmoja watatu wetu waliomba uhamisho. Aliyempokea alipima sukari kwa kikombe mbele yetu sote, akachukua yeye wa mwisho. Nyumba zilibaki zilezile zinazovuja, lakini barua za uhamisho zilikoma.

Mwaka 2002 ulipoanza MMEM, shule zilipata ruzuku ya fedha, na kamati za shule zikapewa sauti katika matumizi. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Kila fedha ilipoingia nilibandika hesabu katika ofisi ya walimu, kisha tukajadili kama tununue vitabu au madawati. Mabishano yalikuwa makali, lakini kikao kikisha hapakuwa na minong'ono.

Msomaji asidhani kushirikisha ni kulegea. Mwalimu mkuu asiyemkanya mtoro humchosha mwalimu mwema, maana ndiye anayebebeshwa vipindi vya mwenzake.

Tangu ada ilipofutwa tena mwaka 2016, madarasa yamefurika kama enzi zetu. Mwalimu mkuu hapangi mshahara, wala hajengi nyumba za walimu kwa fedha zake. Lakini ratiba, zamu, hesabu na neno la shukrani vimo mikononi mwake, na kwa hivyo vinne mwalimu huamua kama atabaki Chonyonyo au ataandika barua.