Windows Iliyolipiwa Kiwandani, Ikapotea Njiani

Ukipindua laptopu ya Dell au HP iliyotoka kiwandani kati ya 2002 na 2012, chini yake utakuta stika yenye nembo ya Windows na herufi na tarakimu 25, zimegawanywa mafungu matano. Mara nyingi hazisomeki. Zimeliwa na joto la mapaja, jasho la viganja na kusuguliwa mezani. Aliyeinunua ikiwa mpya hakuhisi hasara yoyote, kwa kuwa Windows ilikuwa imo ndani tayari na haikumuuliza kitu. Hasara ilimfika mtu wa pili: fundi wa Nairobi au Kariakoo aliyeipokea mashine miaka mitano baadaye, diski ikiwa tupu, na mteja amekaa pembeni akisubiri kupigiwa Windows.

Habari za kompyuta za mitumba husimuliwa sana kama habari za programu za wizi. Hiyo ni nusu tu ya mambo. Kompyuta nyingi zilizoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimeshalipiwa Windows siku zilipotoka kiwandani. Kilichopotea njiani ni ushahidi.

Zamani programu haikuwa na bei yake. IBM ilipompa mteja mashine, programu na wataalamu wa kuiendesha walikuja nayo katika gharama ileile. Tarehe 23 Juni 1969, kampuni hiyo ikiwa imeshafunguliwa kesi na serikali ya Marekani kwa kuhodhi soko, ilitangaza kwamba baadhi ya programu zitauzwa peke yake. Miaka saba baadaye, Februari 1976, kijana wa miaka 20, Bill Gates, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao wanaiba BASIC, programu aliyoitengeneza na wenzake kwa ajili ya kompyuta ya Altair. Programu hiyo ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, na mwenye kifaa cha kutobolea aliweza kuunakili hadi achoke.

Barua haikumtajirisha Gates. Mikataba ndiyo iliyomtajirisha. Badala ya kumkimbiza mnunuzi mmoja mmoja, kampuni yake, Microsoft, iliwafuata watengenezaji, na baadhi yao wakakubali kulipia kila kompyuta waliyoisafirisha hata kama haikuwa na programu ya Microsoft ndani. Serikali ya Marekani iliikomesha mikataba ya namna hiyo kwa makubaliano ya mwaka 1994, lakini mazoea yalikuwa yameshajengeka: kompyuta kuondoka kiwandani bila Windows lilikuwa jambo la nadra.

Leseni hii ya kiwandani ilikuwa ya bei nafuu kuliko ile ya kwenye boksi dukani, na nafuu hiyo ilikuwa na sharti lake. Ilifungwa kwenye mashine moja, na mashine ikifa nayo imekufa. Sharti hilo lina upande wa pili ambao wachache waliujali: mashine ikiuzwa ingali hai, leseni huenda nayo kwa mmiliki mpya. Microsoft haikulikataa hilo. Ilichodai ni kwamba stika iandamane na mashine, pamoja na diski na vitabu vilivyokuja nayo. Lakini benki inayobadilisha kompyuta 500 kwa mpigo haijui diski zake ziko kabati gani.

Mgongano wa kwanza ulizuka kwenye vikundi vya hisani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Geelong, Australia, kikundi cha PCs for Kids, kilichofufua kompyuta kuukuu na kuwagawia watoto wa familia maskini, kiliambiwa na Microsoft kuwa kinakiuka leseni kwa kuweka Windows za zamani bila nyaraka zake. Kampuni tajiri kuliko nyingi duniani ikawa inabishana na watu wanaookota kompyuta zilizotupwa. Haikuwa picha ya kupendeza, na katika miaka hiyo Microsoft iliendesha mpango ulioitwa Fresh Start, wa kuzipa leseni bila malipo kompyuta zilizochangiwa shule.

Kisha ikaja Windows XP, tarehe 25 Oktoba 2001, ikiwa na jambo jipya kwa watu wa kawaida: kuamilisha. Haikutosha tena kuandika zile herufi 25. Nakala ilitazama vifaa 10 vya mashine, miongoni mwao prosesa, kadi ya mtandao, diski na kumbukumbu, ikatengeneza alama ya utambulisho, kisha ikaomba kibali Microsoft kwa intaneti au kwa simu. Siku 30 zikipita bila kibali, mlango unafungwa. Kwa mtu anayeishi kwa kutoa kadi hii na kuweka ile, kuchomoa diski mbovu na kupachika nzima, kanuni hiyo ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili ya kumkomoa.

Watengenezaji wakubwa walipewa njia ya mkato. Mashine zao zilitumia ufunguo mmoja wa pamoja, na Windows ikishaiona alama ya kampuni kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine, hainung'uniki. Kwa hiyo ufunguo uliokuwa ndani ya diski na ule wa kwenye stika vilikuwa vitu viwili tofauti, jambo ambalo mafundi wengi walilijua baada ya kuumia. Diski ikifutwa, ule wa ndani umeondoka nayo, na fundi anabaki na wa stika. Mwisho wa Februari 2005 Microsoft ilizuia funguo za stika za watengenezaji 20 wakubwa zisiamilishwe kwa intaneti. Sababu yake ilikuwa ya kweli: stika zilikuwa zikibanduliwa na kuuzwa. Lakini mtu mwenye stika halali sasa alitakiwa kupiga simu, kusoma tarakimu moja baada ya nyingine na kueleza kwa nini anaweka Windows upya. Jaribu kufanya hivyo kwa kompyuta 40 za maabara ya shule.

Na mitambo ya kuhakiki nayo iliteleza. Agosti 2007, seva za Microsoft zilikosea kwa saa 19 hivi, zikazitangaza kompyuta halali kuwa na Windows bandia.

Mwaka huohuo Microsoft ilianzisha mpango wa kibiashara wa wakarabati wenye idhini. Mkarabati aliyesajiliwa aliuziwa leseni mpya kwa bei ndogo, akabandika stika ya pili kando ya ile kuukuu. Ulikuwa mpango mzuri kwa makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Kwa upande mwingine, ulikuwa ni kulipia mara ya pili mashine iliyokwishalipiwa, na fundi wa meza moja mtaani hakuwa na idadi ya mashine wala makaratasi ya kumfikisha huko.

Kesi iliyoanika jambo hili zaidi ya zote ilimhusu Eric Lundgren, mchakataji wa taka za elektroniki wa California. Aliagiza China diski 28,000 za kurejesha Windows, zikiwa na jina la Dell juu yake, kwa nia ya kuwauzia wakarabati kwa bei ya senti tu. Programu iliyokuwamo iliweza kupakuliwa bure na mwenye kompyuta halali, na bila ufunguo haikuamilishika. Waendesha mashtaka walisema ni bidhaa bandia zenye nembo ya mtu mwingine, na hilo Lundgren mwenyewe alilikiri. Ubishi ulibaki kwenye thamani. Mahakama ilichukua dola 25, bei ambayo wakarabati waliuziwa diski pamoja na leseni, ikazidisha kwa 28,000 na kupata dola 700,000. Mwaka 2017 alihukumiwa miezi 15 jela na faini ya dola 50,000. Rufaa yake ikagonga mwamba Aprili 2018.

Kosa la nembo lilikuwepo, na kulitetea ni vigumu. Lakini hesabu ile ilihesabu diski kana kwamba ndiyo leseni, wakati leseni ilikuwa imelala kwenye stika chini ya mashine.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Mwaka 2000 mahakama kuu ya haki ya Ujerumani iliamua kwamba nakala ya Windows ya kiwandani, ikishauzwa mara moja, haiwezi kuzuiwa kuuzwa peke yake bila kompyuta. Tarehe 3 Julai 2012, katika shauri la UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu hata programu iliyopakuliwa kuuzwa tena, ilimradi muuzaji aache kuitumia. Marekani, kwa hukumu ya Vernor na Autodesk ya 2010, ilishikilia kwamba aliyepewa leseni hakununua kitu cha kuuza.

Afrika Mashariki ilikuwa mwisho wa njia za mizigo ya kompyuta hizi za mitumba. Computer Aid International ya London ilituma maelfu ya kompyuta, na Computers for Schools Kenya ikawa inazikarabati na kuzigawa mashuleni. Wengine walijaribu kuukwepa ufunguo kabisa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Leseni yake ilikuwa huru na lugha yake ya nyumbani, lakini waajiri walidai Word na Excel, na shule zikafundisha kile waajiri walichodai.

Madukani, mashine ziitwazo "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza, zilikuja na mtego wake. Ofisi kubwa huamilisha Windows kwa seva yao ya ndani, na kila kompyuta ni lazima iione seva hiyo walau mara moja katika siku 180. Mashine ikifika dukani bila kufutwa, hufanya kazi vizuri wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, hata wa nne. Kisha onyo linatokea pembeni mwa skrini, na muuzaji ameshasahau sura ya mteja. Hapo ndipo programu za kukraki zinazojifanya seva ya ofisi zilipopata soko, baadhi zikiwa zimebeba virusi.

Nafuu ilikuja kimyakimya mwaka 2012. Kuanzia Windows 8, ufunguo uliandikwa ndani ya chipu kwenye bodi kuu ya mashine, stika ya tarakimu ikaondolewa. Fundi akiweka toleo lilelile, Windows hujisomea ufunguo wake. Windows 10, ya Julai 2015, ilikwenda mbele zaidi kwa kuweka kumbukumbu ya mashine kwenye seva, na hadi Septemba 2023 ilikuwa ikipokea hata funguo za Windows 7. Bodi kuu ikibadilishwa, basi, ni kuanza upya.

Baada ya hapo tatizo likageuka kichwa chini. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ipo mitumba mingi yenye leseni safi kabisa, ambayo mashine yenyewe ndiyo imekataliwa. Kwa Apple, laptopu ambayo mwenyewe wa kwanza hakuitoa kwenye akaunti yake haifunguki hata ikiwa nzima, na wakarabati huishia kuichinja vipuri.

Anayenunua laptopu ya mtumba leo aiunganishe na intaneti kabla ya kutoa pesa, afungue mipangilio, aende ukurasa wa uamilishaji. Ikisomeka kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, ni ya mashine hiyo. Ikisomeka kwamba imeamilishwa kwa huduma ya taasisi, na mnunuzi si mfanyakazi wa taasisi hiyo, muuzaji aifute na kuiweka upya mbele yake.