Paris: shughuli za kipupwe na tarehe ya wapangaji

Jijini Paris, mwisho wa majira ya baridi huja na shughuli nyingi. Wilaya ya 13 huandaa gwaride la mwaka mpya wa Kichina; mwishoni mwa Februari hufunguliwa Maonyesho ya Kilimo, yaliyoanza mwaka 1964; na Aprili hukimbiwa marathoni, ambayo mwaka 2017 Mkenya Paul Lonyangata na mkewe, Purity Rionoripo, waliibuka washindi.

Hata hivyo, kwa wapangaji wenye madeni, tarehe nzito ni 31 Machi. Siku hiyo hukoma zuio la kuwaondoa wapangaji majumbani, linaloanza kila 1 Novemba na ambalo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1956. Zuio hilo halifuti deni: kesi huendelea mahakamani, na kuanzia 1 Aprili hukumu zaweza kutekelezwa.